Kubadilisha valvu za amplifaya ya gitaa nyumbani, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Jamani kabla hujaagiza valvu mpya (zile chupa za glasi zinazokuza sauti) kutoka nje na kumaliza hela yote ya korosho, zichomoe kwanza hizo za zamani uzisafishe miguu. Nasema hivi sababu huku kwetu upepo wa bahari umejaa chumvi, ukiacha chuma Shangani au Mikindani haikawii kushika kutu, na pini za valvu na soketi zake nazo ni chuma vilevile. Amplifaya yangu ilikuwa inakwaruza, sauti inakata inarudi, mi nikajua valvu zimekufa kumbe uchafu wa soketi tu.

Sasa usalama, hapa nisikilize vizuri. Umeme wa ukutani ni volti 230 lakini ndani ya amplifaya ya valvu zinapanda mpaka 400 na zaidi, na kapasita zinautunza huo umeme hata ukishachomoa plagi. Kwa hiyo zima, chomoa plagi, kaa nusu saa glasi ipoe, na ile chesisi, boksi la chuma lenye nyaya ndani, usiifungue kabisa, valvu nyingi unazifikia kwa nyuma ukitoa tu ubao au wavu. Na usiwashe amplifaya ya valvu bila waya wa spika kuchomekwa, utaunguza transfoma ya sauti, na ile bei yake inaliza.

Tuanze na ndogo, zile 12AX7, Wazungu wa Ulaya wanaziita ECC83, kitu kilekile. Zina pini 9. Kama imevalishwa kikopo cha bati, kikandamize chini, zungusha kidogo kitatoka. Halafu shika glasi kwa kitambaa, vuta wima huku unaitikisa kidogo kidogo, usiilaze pembeni pini zitapinda. Puliza spirei ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye soketi, chomeka chomoa mara tatu nne, acha ikauke kabisa. Kurudisha, angalia lile pengo kati ya pini, likikaa sawa inaingia bila ubishi, ikigoma usilazimishe.

Bado inakwaruza au inapiga miluzi? Iwashe, chukua kijiti kikavu cha mshikaki, gonga glasi taratibu moja baada ya nyingine, vidole vibaki nje. Zote zitasikika kidogo ila inayolia kama kengele kwenye spika ndo mbovu. Zima, subiri tena, weka mpya hiyo moja tu. Hizi ndogo hazihitaji kupimwa chochote, ukichomeka unapiga gitaa.

Kubwa ndo kuna kazi. EL34 na 6L6 zinakaa kwenye soketi ya matundu 8 na zina kijiti cha plastiki katikati chenye mbavu inayokuonyesha upande. Zinunuliwe jozi iliyopimwa pamoja, usichanganye mpya na ya zamani. Amplifaya nyingi zenye hizi valvu zinahitaji kusetiwa bayasi, yaani mkondo unaopita kwenye valvu wakati hupigi kitu, na mafundi wengi wanalenga asilimia 70 ya uwezo wake. Mfano EL34 ni wati 25, asilimia 70 ni 17.5, gawanya kwa volti 450 kama ndo zilizopo kwenye yako, unapata kama miliampia 39. Hapa kama hujazoea multimita, kile kipima umeme, na umeme mkubwa, mpelekee fundi redio, hasa wale wazee waliotengeneza redio za valvu, hiyo hesabu wanaijua. Amplifaya ndogo zenye valvu za EL84 nyingi zinajiseti zenyewe, unachomeka jozi yako basi, ila thibitisha kwanza kwenye kitabu cha hiyo yako.

Ukishaweka, washa, zima taa ya chumbani, tazama dakika kumi. Uzi kung'aa rangi ya chungwa ni kawaida, lakini lile bati la ndani likianza kuwa jekundu zima palepale. Ukiona lile doa la fedha juu ya glasi limegeuka jeupe, hewa imeingia, hiyo itupe. Zilizotoka zikiwa bado nzima zifunge kwenye kipande cha khanga, weka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, chumvi isizifuate, ndo spea yako siku moja ikikata katikati ya ibada au harusi.