Ubao wa nyuma wa boti ya faiba umeoza? Utoe uweke mpya mwenyewe

Ukiona injini inacheza ukiiinua na kuishusha, au kuna nyufa zinatambaa kwenye kona za tezi, yaani nyuma ya boti, usikimbilie kupaka faiba juu yake. Ndani ya ule ubao unaobeba injini kuna plaiwudi imebanwa kati ya ngozi mbili za faiba, na ikishaoza hizo ngozi peke yake haziwezi mzigo.

Hakikisha kwanza. Gonga na nyundo ndogo, pazima panalia ko ko ko, palipooza sauti inakuwa bubu. Halafu toboa vitundu vya milimita 4 kwa upande wa ndani, hasa karibu na plagi ya kutolea maji na chini ya bolti za injini, uangalie kinachotoka na drili: ukiona unga mkavu mweupe mweupe uko salama, ila ukitoka mweusi, umelowa, unanata kwenye biti na unanuka uvundo, jiandae kwa kazi. Wapo wanaoingiza rezini, ile gundi ya maji maji inayogandisha faiba, kwa sindano kwenye vitundu, mi siikubali kabisa hiyo, mbao iliyojaa maji hainywi rezini.

Toa injini, egemeza boti vizuri chini ya mkuku, ule uti wa chini, na pembeni isipoteze shepu. Chukua vipimo vyote sasa hivi: unene wa ubao, urefu wa pale injini inapokaa, matundu yote. Vaa barakoa ya maana, miwani na nguo za mikono mirefu manake vumbi la faiba linawasha vibaya sana. Kata ngozi ya ndani tu na grainda, ukiacha kama sentimita 5 kuzunguka, alafu ng'oa plaiwudi kwa patasi na mtaimbo. Hapa ndo jasho lilipo, sehemu iliyooza inatoka kwa mikono ila ile nzima iliyobaki imeng'ang'ania kama kupe. Usiache hata kipande chenye weusi. Piga msasa ngozi ya nje hadi iwe safi, futa na asitoni, acha feni ipulize mpaka pakauke kabisa, usiharakishe hapa.

Kata shepu kwenye katoni kwanza, ikikaa ndo uhamishie kwenye plaiwudi ya kazi za majini. Nyingi zinataka vipande viwili vya milimita 18 vilivyogundishwa pamoja, ila fuata unene uliopima. Tumia epoksi, rezini ya kuchanganya na kigumushi chake, inashika mbao kuliko rezini ya kawaida ya poliesta. Paka epoksi nyepesi pande zote, kingo upake mara mbili, kisha chukua epoksi uliyochanganya na unga wa silika mpaka iwe nzito isiyochuruzika, tandaza kwa mwiko wenye meno, bana na klempu mpaka itoke kidogo pembeni. Usikaze hadi gundi yote ikatoka nje. Na changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana, ukijaza kopo inachemka yenyewe hadi kutoa moshi.

Ikishakauka, osha na maji uondoe ule utando wa mafuta mafuta unaobaki juu ya epoksi, piga msasa, jaza kona iwe mviringo, halafu laza kitambaa cha faiba tabaka tatu au zaidi, kila moja ipite ya chini yake na ishuke kwenye mbavu na sakafu sentimita 10 hivi. Juu yake paka rangi, usipake gelkoti ya poliesta, lile tabaka la nje linalong'aa la boti za faiba, juu ya epoksi mara nyingi haikauki vizuri.

Matundu sasa, manake maji yaliingilia hapo hapo mwanzo. Toboa kila tundu kubwa kuliko bolti, ziba na epoksi nzito, ikikauka toboa tena saizi ya bolti, ili bolti ipite kwenye epoksi isiguse mbao. Funga na silanti ya boti, ile silikoni ya bafuni iache, na baada ya kutoka na boti mara moja mbili rudi ukague nati.