Ankete ya kujua kama batu banaamini hopitali: fanya hivi, usirudie kosa yangu

Banafunzi ba hapa Goma bakifika ku TFC (kazi ya kuandika ya kumaliza masomo), wengi banaweka swali ya kwanza hivi: "Unaamini hopitali, ndiyo ao hapana?" Na jibu ni ileile, ndiyo, tunashukuru Mungu. Mimi pia nilifanya vile. Nilienda kartie ya Majengo nimevaa jile (koti bila mikono) ya sentre ya sante moja (siitaje), mama mumoja akanijibu ndiyo ndiyo mpaka fishi yangu ya maswali ikaisha kwa dakika tano, kisha akabeba bido yake tukatoka pamoja, na mu njia ndio akaniambia dada yake alizaa ku ile sentre, bakamushikilia na mutoto siku kumi na moja juu faktire haikuisha kulipwa. Ile yote haikuwa mu fishi yangu hata mustari moja.

Basi ya kwanza, vua jile. Na nyumbakumi umusalimie, umuonyeshe karatasi ya ruhusa, lakini asikuchagulie nyumba juu atakupeleka kwa bandugu yake tu. Hesabu mwenyewe, kila nyumba ya tano.

Kisha usiulize imani, uliza safari. "Mara ya mwisho mutu wa hapa aliugua, mulianzia wapi?" Famasi? Chumba ya maombi? Bakawaomba feza ngapi mbele ya kumugusa? Infirmye alitaja jina ya ugonjwa, na kwa Swahili ao kwa Kifaransa tu? Hapa nyamaza, acha aongee, hata akirefusha, juu mutu anaweza kupenda infirmye wake sana na asiamini kabisa bakubwa benye banamutuma, na swali moja ya ndiyo-hapana inachanganya bile vyote.

Ona Beni na Butembo, miji ya hapa Nord-Kivu. Mu mwezi wa 9 2018, Ebola ikiwa moto, batafiti baliuliza batu bazima 961, na karibu mumoja kwa bane akasema Ebola haiko ya kweli. Batu bakarukia kusema ni ujinga. Lakini mu utafiti uleule, benye kuamini kama bakubwa ba pale banatetea faida yao balikuwa tu karibu mumoja kwa batatu, na benye hawakuamini ndio balikuwa wagumu kukubali chanjo. Kisha mwezi wa 12 uchaguzi ikasukumwa kule mpaka mwezi wa 3 2019, banasema ni juu ya Ebola na usalama, na masoko iko wazi! Wewe ungeamini?

Usikae ku mulango ya hopitali. Pale unapata tu benye balifika, na mwenye alikosa feza ya kulipa pikipiki usiku hautamuona. Mama wa kuuza kule Birere, kartie ya biashara, mchana hayuko nyumbani, umufuate saa kumi na moja ao Siku ya Mungu kisha misa. Andika pia nani analipa: mutu wa mshahara na mutu wa kusukuma chukudu (kinga ya mbao ya kubeba mizigo) banaweza kupita mulango moja na bapokelewe tofauti kabisa, na ile tofauti ndio unatafuta.

Jina usiandike, weka namba. Karatasi ya kukubali umusomee kwa Swahili, na akikataa, aga vizuri uende.

Ukimaliza, rudi ku avenue na ukurasa moja ya Swahili, omba dakika kumi mu mukutano, soma yenye balikuambia. Batakusahihisha. Andika na ile.