Somo: Kupanga safari ya Serengeti bila kupoteza siku

Wengi wanaoniuliza kuhusu Serengeti huanza na bei ya gari. Mimi huwauliza mwezi. Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763 na nyumbu zaidi ya milioni moja wasiotulia mahali pamoja. Ukikosea mwezi, utazunguka Seronera, katikati ya hifadhi, siku mbili huku kundi lenyewe liko mpakani na Kenya.

Hatua ya 1: Mwezi, kisha upande
Mwishoni mwa Januari hadi Machi nyumbu wako kusini, Ndutu, wanazaa. Ndama anasimama ndani ya dakika chache tu, na ni lazima, maana fisi wako palepale. Mei na Juni huelekea magharibi, mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba watafute kaskazini, Kogatende, wanakovuka mto Mara. Aprili ni tope, ila vyumba hushuka bei. Simba na chui wa Seronera hawahami, kwa hiyo anayewataka hao tu asijisumbue na kalenda.

Hatua ya 2: Geti
Ukitoka Arusha unapita Ngorongoro hadi geti la Naabi. Hata usiposhuka kreta, lile bonde la volkano, Ngorongoro unalipia kupita, na hiyo ni mamlaka nyingine, si TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Bajeti nyingi huvunjikia hapo. Wa Mwanza na Musoma wana geti la Ndabaka, kando ya barabara kuu, na Ngorongoro hawaigusi.

Hatua ya 3: Hesabu saa, si siku
Kibali huhesabiwa kwa saa 24 tangu unapoingia. Safari yangu ya kwanza tuliingia Naabi saa nne asubuhi. Siku ya kutoka tukapata pancha mbili na spea ilikuwa moja. Tulifika getini muda umekwisha, tukalipia siku nyingine, watu sita pamoja na gari. Siku hizi nakula chakula cha mchana Naabi kwanza, naingia saa saba. Kwa hiyo asubuhi ya mwisho yote inabaki ya wanyama.

Hatua ya 4: Mzigo
Sweta, maana alfajiri kuna baridi. Kitambulisho cha taifa, la sivyo utatozwa kama mgeni. Darubini, hata ya kuazima. Acha nguo za buluu na nyeusi: mbung'o wanazipenda, na wanauma juu ya shati. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2019, usiibebe.

Hatua ya 5: Zima gari
Hii ndiyo hatua watu wanairuka. Kando ya mto Seronera tulikuta mti wa mwegea umezingirwa na magari, na kilichoonekana ni mkia tu, unaning'inia kati ya matunda yake marefu. Wenzetu walipiga picha ya mkia wakaondoka. Tukamwomba dereva azime injini. Baada ya kama dakika arobaini chui akajinyoosha, akashuka kichwa chini, akapita mbele ya boneti akiwa hana habari nasi.

Maswali ya wanachama

Swali: Gari langu dogo litafika?
Kiangazi litafika Seronera, ila zile rasta za barabarani, yale mawimbi ya udongo, zitalegeza kila nati, na ukiwa chini hivyo nyasi zitakuziba macho. Kreta ya Ngorongoro ndiyo hairuhusu kabisa gari lisilovuta magurudumu yote manne. Changieni gari la juu.

Swali: Nina watoto wa miaka minne na sita, siku ngapi?
Usiku miwili unatosha. Shida yao si simba, ni haja ndogo, kwa sababu hamruhusiwi kushuka popote mnapotaka. Kila mkipita penye choo, wote washuke, hata anayesema hana.

Swali: Kwenye hema, fisi hawaingii?
Kambi za umma hazina uzio, kwa hiyo watapita na utawasikia. Wanafuata harufu. Chakula, dawa ya meno na sabuni viache ndani ya gari, zipu ifungwe hadi chini. Viatu navyo viingize ndani. Mwenzetu mmoja alirudi Arusha na ndala moja.