Umio umefunguka kweli? Kupima matibabu ya akalasia kwa kamera ya gama, kwa wanaohudumia wagonjwa Kigoma

Mgonjwa wa akalasia (ugonjwa ambao kilango cha chini cha umio hakilegei na chakula hukwama) aliyepanuliwa umio kwa puto akirudi kliniki na kusema "sasa ugali unapita," ni habari njema, lakini si kipimo. Wapo wanaosema hivyo huku umio bado umejaa. Umio uliotanuka kwa miaka huacha kulalamika, na mtu aliyezoea kusukuma kila tonge la ugali wa muhogo kwa kikombe cha maji haoni tena kwamba anaumwa. Umio usiomwaga chakula huendelea kutanuka hadi upinde, na ukifika hapo matibabu huwa magumu zaidi. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza anajisikiaje, tunapaswa kujua baada ya dakika kumi kimebaki kiasi gani ndani. Kamera ya gama, inayofuata kinywaji chenye mionzi kidogo kikishuka kwenye umio, hulijibu swali hilo kwa asilimia.

Kabla ya rufaa

Endoskopi (kuangalia umio kwa ndani kwa mrija wenye kamera) ndiyo ya kwanza, bila mjadala. Saratani ya umio si ngeni Afrika Mashariki, na uvimbe ulio kwenye kilango cha chini huiga akalasia vizuri sana. Mtu mzima ambaye kumeza kumekuwa kugumu ndani ya miezi michache tu, na amekonda haraka, asiitwe mgonjwa wa akalasia kabla umio na tumbo havijaangaliwa kwa ndani.

Kisha andika alama za Eckardt: kukwama kwa chakula, kucheua, maumivu ya kifua na kupungua uzito, kila kimoja 0 hadi 3. Jumla ni 12. Baada ya matibabu, alama 3 au pungufu huhesabiwa kuwa nafuu.

Kosa linalorudiwa mno ni kupima baada ya matibabu pekee. Asilimia 30 iliyobaki ni ushindi kwa aliyeanza na 90, na si kitu kwa aliyeanza na 35. Omba kipimo cha awali kwenye karatasi ile ile ya rufaa ya puto au upasuaji.

Halafu piga simu kabla mgonjwa hajakata tiketi. Huduma ya tiba ya nyuklia iko katika hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Uliza kama wanafanya kipimo cha kumeza na kama jenereta (chombo kinachozalisha teknisiamu-99m, dutu ya mionzi ya kipimo hiki) imefika. Teknisiamu-99m hupungua nusu kila baada ya saa 6, na molibdenamu inayoizalisha ndani ya jenereta hupungua nusu kila baada ya saa 66. Jenereta ikichelewa, hakuna cha kuweka akiba. Safari ya kutoka Kigoma ni ndefu mno kwa mtu asiyeweza kula, usimtume kubahatisha.

Maandalizi

Mtu mwingine angefunga saa 6 tu. Wa akalasia atumie vinywaji tu siku moja au mbili kabla, kisha afunge usiku kucha, kwa sababu chakula cha jana kilichobaki kwenye umio huchanganyika na dawa na kuharibu hesabu. Nifedipini, isosobaidi na metoklopramidi, dawa zinazobadilisha kazi ya misuli ya umio, husimamishwa siku moja hadi mbili, ila kwa idhini ya daktari aliyeziandika. Kipimo cha bariamu (dawa nyeupe ya kunywa inayoonekana kwenye eksirei) kifanyike baada ya hiki, kamwe kisitangulie siku hizo hizo, maana bariamu huzuia miale ya gama. Mwanamke aulizwe kuhusu ujauzito na kunyonyesha.

Kipimo chenyewe

Dawa ni koloidi (chembe ndogo mno zinazoelea majini) yenye teknisiamu-99m, megabekereli (MBq, kipimo cha wingi wa mionzi) 10 hadi 37, ndani ya maji mililita 10. Koloidi hainyonywi na utumbo, na mionzi anayopata mgonjwa haifiki milisiviti 1. Hakikisha teknisiamu imeshikamana vizuri na koloidi kabla ya kumpa. Ile iliyo huru hukusanywa na tezi za mate na ukuta wa tumbo, na picha ikachafuka.

Mwache asimame au aketi wima. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Puto na upasuaji wa Heller (kukata misuli ya kilango) hulegeza kilango cha chini tu. Mawimbi ya misuli yaliyopotea kwa kawaida hayarudi. Baada ya matibabu, chakula hushuka hasa kwa uzito wake. Ukimlaza chali, dawa itakaa pale pale hata kama kilango kimefunguka vizuri, nawe utaandika kwamba matibabu yameshindwa. Kulala chali kunafaa unapotafuta udhaifu wa mawimbi kwa mtu ambaye hajajulikana ana nini.

Picha ichukue kuanzia mdomo hadi tumbo, kwa kolimeta (kichujio cha miale mbele ya kamera) ya nishati ndogo, dirisha la nishati la asilimia 20 kwenye keV 140, nishati ya miale ya teknisiamu. Kamera ikikaa mgongoni safari ya kwanza, ikae mgongoni safari zote.

1. Mzoeshe kwa maji matupu: ashike mdomoni, kisha ameze yote kwa mara moja akiambiwa.
2. Rudia kwa dawa. Piga picha moja kila sekunde kwa dakika moja. Asimeze tena kwa sekunde 30, kwani mmezo wa pili hulizima wimbi la kwanza.
3. Baada ya hapo ameze mate kila nusu dakika, huku picha za sekunde 15 zikiendelea hadi dakika ya 10.
4. Rudia kwa uji mzito uliochanganywa na koloidi, kwa sababu maji huweza kupita pale chakula kinapokwama. Pima unga, maji na uzito wa bakuli, uandike. Uji wa kukadiria kwa macho haulinganishwi na wa mwaka kesho.

Chora eneo la umio wote kwenye kompyuta. Gawanya hesabu ya dakika ya 10 kwa hesabu ya juu kabisa, zidisha kwa 100. Ikiwa ya juu ni 12,000 na ya mwisho 3,000, imebaki asilimia 25. Kwa umio wenye afya, zaidi ya asilimia 80 ya maji huondoka ndani ya sekunde 15 hivi.

Usiiamini namba kabla ya kutazama picha zenyewe. Mate yaliyodondokea kola ya shati huonekana kama dawa iliyokwama. Mvue au umfute, upige tena. Sehemu ya juu ya tumbo ikijaa hufunika mwisho wa umio. Na baada ya Heller, dawa iliyokwisha kushuka inaweza kupanda tena: hiyo ni kucheua tindikali, si kukwama. Angalia mapafu pia, dawa ikionekana huko mgonjwa anapaliwa.

Kusoma majibu

Pima wiki 4 hadi 6 baada ya matibabu. Alama za Eckardt zikishuka na mabaki yakapungua zaidi ya nusu, mwone tena kila mwaka. Anajisikia vizuri lakini mabaki hayajasogea? Huyo ndiye wa kufuatilia kwa karibu. Jadiliana na bingwa kuhusu puto kubwa zaidi, kutoka milimita 30 kwenda 35. Anateseka ilhali umio unamwaga vizuri, rudi kwenye endoskopi utafute vidonda vya tindikali. Lakini maumivu makali ya kifua au homa saa chache baada ya puto si ya kupeleka kwenye kamera ya gama: huenda umio umetoboka, na hiyo ni dharura ya upasuaji.

Asipoweza kusafiri

Bariamu ya kuhesabu dakika inafanyika popote penye eksirei ya kumpiga mgonjwa akiwa amesimama. Anywe mililita 200 za bariamu nyepesi ndani ya dakika moja, akishindwa kumaliza andika alichokunywa, na mara ya pili apewe kiasi hicho hicho. Piga dakika ya 1, ya 2 na ya 5, umbali wa mashine usibadilike. Pima kwa rula kutoka kwenye ncha iliyochongoka ya mwisho wa umio hadi juu ya safu ya bariamu. Chini ya sentimita 5 kwenye dakika ya 5 ni dalili nzuri. Mpe mgonjwa namba hizo kwa maandishi, pamoja na ujazo na mkao, azitunze kwenye daftari lake la kliniki.