Jinsi ya kuisoma sanamu ya Buddha: anza na mikono

Wengi wetu tukikutana na sanamu ya Buddha macho yanakimbilia usoni, tunaona katulia tu, basi tunapita. Nyuso zao karibu zote zinafanana jamani, habari yenyewe iko mikononi.

Anza na mkono wa kulia. Ukiona umeshuka juu ya goti na vidole vinagusa chini, huo ni ule usiku wa Bodh Gaya kule India alipoamka akawa Buddha, Siddhartha (ndo jina lake la kwanza) kakaa chini ya mti, pepo mshawishi aitwae Mara kamjia na majeshi yake kumtisha na kumtaka shahidi kwamba anastahili, nae akaigusa ardhi imshuhudie. Thailand utaukuta mkao huu kila mahali. Kiganja kikiwa kimeinuliwa kinakutazama, anakwambia usiogope. Mikono yote mapajani, mmoja umelalia mwenzake, hapo anatafakari.

Alafu kuna mikono miwili kifuani, vidole vimekutana vikafanya duara, huyo anafundisha. Tafuta picha ya ile sanamu ya Sarnath, kule India alikofundisha mara ya kwanza, ni ya karne ya 5, ya jiwe la mchanga, uivute mpaka chini kabisa kwenye kiti chake, utaona watu wadogo wamepiga magoti na katikati yao gurudumu, yaani wale wanafunzi 5 wa kwanza wamo humo na gurudumu ndo mafundisho yanaanza kuzunguka. Mchongaji kaiweka hadithi nzima sehemu ambayo watu hata hawainamii kuiangalia, mimi kila nikiiona inanigusa sana.

Ukimaliza mikono panda juu. Kile kinundu cha utosini ni alama ya hekima. Masikio marefu je? Alikua mtoto wa mfalme, hereni nzito zikazivuta ndewe, siku alipouacha utajiri hereni alizivua lakini ndewe zikabaki zimening'inia hivohivo.

Na tafadhali, yule mnene anaecheka na gunia lake sio Siddhartha! Huyo ni Budai, mtawa wa China wa karne ya 10, Wachina wanamhesabu kuwa ni Maitreya, yaani Buddha ajaye.

Ukikuta mwenye taji na vito usiharakishe kumwita Buddha, mara nyingi ni bodhisatva, anaebaki kuwasaidia viumbe wengine, na hao unawatambua kwa walichobeba au walichovaa. Manjushri ana upanga wa kukata ujinga. Guanyin, bodhisatva wa huruma, muangalie kwenye taji, utaona Buddha mdogo kakaa pale mbele, ni Amitabha, na usishangae India anachongwa mwanaume, China ndo alikuja kuwa mwanamke.

Wa kijani wa Tibet anaitwa Tara, huyu shuka mpaka miguuni. Wa kushoto kaukunja kama anaetafakari, wa kulia kauteremsha unakanyaga yungiyungi dogo, maana akisikia anaitwa anainuka saa hiyohiyo.