Kabla Hujampokea Mgonjwa wa Nimonia Kali Usiku

Kama unaingia zamu ya usiku kwenye kituo cha afya ambacho hospitali ya mkoa iko mbali, haya yafanye kabla jua halijazama. Kichomi kikali hakikupi muda wa kutafuta vitu.

Oksimita ya kidole, kile kifaa kinachopima oksijeni ya damu kwa asilimia, iwe na betri, na betri za akiba ukae nazo wewe, zisifungiwe kabatini na mtu ambaye ameshakwenda kulala. Kidole chenye rangi ya kucha au piko kiache, tafuta kingine. Vidole vya baridi vipashe joto kwanza. Tena kumbuka kwamba kwenye ngozi nyeusi kipimo hiki huweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo 92 ya mtu anayehema kwa mabega usiifurahie. Ikiwa chini ya 90, oksijeni ianze papo hapo, maswali baadaye.

Pumzi hesabu mwenyewe, dakika nzima, macho yakiwa kifuani. Ile 20 inayoandikwa bila kuhesabu kwenye kila faili la wodi imeshaua watu.

Kisha pima uzito wa ugonjwa: amechanganyikiwa? Anahema mara 30 au zaidi kwa dakika? Presha ya juu iko chini ya 90, au ya chini ni 60 kushuka? Ana miaka 65 au zaidi? Kila jibu la ndiyo ni alama 1. Kama maabara inapima yurea, taka ya damu inayochujwa na figo, ikizidi 7 mmol/L ongeza nyingine. Zikifika 3, huyo ni wa rufaa ya haraka. Ila kwa kijana usizitegemee sana. Mwenye miaka 28, ana VVU na oksijeni 82, anaweza kupata alama 1 na bado akawa mahututi. Huyo mfikirie pia nimonia inayohitaji septrini ya dozi kubwa. Na mzee anaweza asiwe na homa kabisa, ndugu wakakwambia tu kwamba tangu jana anaweweseka. Kipimo cha malaria kikisoma chanya, bado sikiliza mapafu.

Dozi ya kwanza ya antibiotiki, seftriaksoni pamoja na azithromaisini, iingie kabla gari halijawashwa. Uliza mzio. Kama chupa za kuotesha vijidudu vya damu zipo, chukua damu kwanza. Kama hazipo, usizisubiri.

Sasa mtungi wa oksijeni. Hapa naomba usome taratibu.

Usiku mmoja nilimsindikiza mama mmoja, muuza mihogo, oksijeni 78, maski yenye mfuko, lita 10 kwa dakika. Kabla ya kuondoka niliangalia geji ya mtungi wa gari. Mshale ulikuwa katikati, nikasema unatosha. Safari ni saa moja na dakika ishirini. Tulikuwa tumepita nusu ya njia, porini, hakuna hata taa, binti yake akaniuliza, "Dada, mbona mfuko umelala?" Nikautazama. Ule mfuko wa maski uliokuwa umejaa ulikuwa umenywea, umebandikana kama mfuko wa maziwa uliokwisha. Mlio wa gesi haukuwepo. Nilimkalisha wima nikamshikilia mgongo mpaka tukafika, na muda wote alikuwa ameushika mkono wangu. Oksijeni ilisoma 61. Alifariki siku ya pili. Hakuna aliyeniuliza habari za mtungi, na mpaka leo najiuliza mwenyewe.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Mtungi ule mdogo ukijaa una lita kama 680. Mshale ukiwa nusu, zimebaki 340. Gawa kwa 10: dakika 34. Kwa safari ile nilihitaji lita 800, na akiba juu yake kwa sababu magari hupata pancha. Kwa hiyo kila jioni fungua valvu, soma geji, gawanya, andika dakika kwenye plasta ubandike kwenye mtungi. Spana ya kufungulia ifungwe hapohapo kwa kamba. Mashine inayozalisha oksijeni kwa umeme haikusaidii umeme ukikatika, kwa hiyo mtungi wa wodini nao uukague.

Mengine: piga simu unakompeleka kabla ya kuondoka, usimfikishe mgonjwa getini bila kitanda. Mafuta ya gari. Madirisha wazi na barakoa, kwa kuwa kifua kikuu hujificha humohumo. Makohozi yapimwe, na VVU pia. Dripu usizimimine ovyo, sikiliza mapafu kila chupa. Mgonjwa akae nusu wima. Asilazimishwe uji wakati anahema kwa kasi, utaingia mapafuni. Na yule aliyekuwa akihangaika kisha akatulia ghafla, usimwambie ndugu yake kwamba amepata usingizi. Msogelee, mwite kwa jina, hesabu pumzi tena.