Kabla ya Kukata Mwani: Mambo ya Kuzingatia kwa Jaribio la Uzazi

Kwa jaribio la kuonyesha urutubishaji wa mwani, sahau Fucus ya kitabuni. Huo ni mwani wa bahari baridi. Hapa Mombasa utatembea ufukweni kutoka Nyali hadi Bamburi usiuone. Tumia Ulva, ule wa kijani, mwembamba kama karatasi, unaofanana na jani la saladi.

Nendeni kuchuma wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapokupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Vaeni viatu vya mpira. Msichume ndani ya hifadhi ya bahari, hairuhusiwi, wala penye maji taka, ingawa Ulva hustawi sana hapo. Majani sita kutoka mawe tofauti yanatosha, kila moja na mfuko wake, kivulini.

Hesabu siku kabla hujashika wembe. Mwani uliokatwa hutoa chembe zake za uzazi baada ya siku mbili hadi nne, aghalabu asubuhi mwanga unapoanza. Ukikata Alhamisi, zitatoka maabara ikiwa imefungwa. Tafuta bamvua inayoangukia Jumamosi, kata siku hiyohiyo, na Jumatatu uwe mbele ya hadubini mapema, si baada ya chakula cha mchana.

Futa jani kwa kitambaa, kisha toboa viduara karibu na ukingo kwa mrija wa soda. Viduara kumi kwa kila sahani, ndani ya maji ya bahari yaliyochujwa, yakapashwa moto bila kuchemka na kupozwa. Sahani moja iwe na kipande kizima kisichokatwa, cha kulinganishia. Weka karibu na dirisha pasipopigwa na jua. Sahani ndogo ikianikwa juani hapa Mombasa hugeuka supu. Badilisha maji kila asubuhi, kwa sababu mwani wenyewe hutoa kemikali inayozuia chembe kutoka. Ukingo ukigeuka rangi ya zeituni, kaa chonjo. Ukiwa mweupe, umechelewa.

Sasa jambo linaloangusha ripoti nyingi. Mwanafunzi anachungulia, anaona vitu vinaogelea, anaandika "gameti", yaani chembe za kiume na za kike zinazoungana. Wiki moja baadaye kioo kimeota manyoya ya kijani, anaandika "urutubishaji umefanyika". Siku ya maonyesho ya sayansi anaulizwa swali moja tu, "Ulijuaje?", na bango zima linaanguka.

Vinavyoogelea vingine ni vijidudu vya bahari tu: havina rangi na ni vikubwa zaidi. Chembe ya Ulva ni ya kijani, umbo la tone, na huonekana vizuri ukikuza mara 400. Dondosha tone la ayodini, ileile ya kupimia wanga. Chembe itatulia, uhesabu flajela, vijimkia vyake vya kuogelea. Mbili ni gameti. Nne ni zoospora, ambayo huota bila kuungana na yeyote. Mtego upo hapa: gameti mbili zikishaungana, chembe inayopatikana, zaigoti, nayo ina flajela nne kwa muda, tena hukimbia mwanga kama zoospora, ilhali gameti huufuata. Na gameti iliyokosa mwenza huweza kuota peke yake. Kwa hiyo miche ya kijani haithibitishi urutubishaji hata kidogo.

Dawa ni kutochanganya majani tangu mwanzo. Kila jani na sahani yake, na namba yake. Sahani zenye gameti ukishazijua, changanya tone la moja na tone la nyingine juu ya slaidi, uangalie papo hapo. Dume na jike wakikutana, gameti hushikana makundi makundi, kisha huogelea mbili mbili. Sahani nne zina jozi sita. Zijaribu zote, na uangalie pia tone la kila sahani likiwa peke yake. Kushikana kukitokea kwenye mchanganyiko tu, hapo una la kuandika.

Katika ripoti weka saa, nyuzi joto, namba ya sahani, na ulichoona kabla ya unachodhani. Sahani isiyotoa kitu nayo iandikwe. Usiifiche ili jedwali lipendeze. Chora kwa penseli, taja ukuzaji. Maji yakipungua wakati wa kuotesha miche, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haikupaa na mvuke. Ayodini isiguse sahani zenye miche, wembe usiachwe mezani, mabaki yasimwagwe kwenye sinki, na mikono ioshwe kabla hamjagusa viazi karai pale nje ya geti.